Chifu Aliyeripoti Mwanawe

Ndugu zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ugaidi hapa kwetu Kenya, na najua wengi mnangoja nianze na Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi lililoshambuliwa mwaka 2013. Nitaanza na chifu mmoja wa Mandera.

Tarehe 2 Aprili 2015 kundi la Al-Shabaab kutoka Somalia liliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi walioshtuliwa alfajiri bwenini. Mmoja wa wauaji wanne alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake, chifu yule, alikuwa ameshaiarifu serikali kwamba kijana ametoweka. Alifanya lile lile tunalohimizwa sote.

Sasa turudi nyuma mwaka mmoja. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, polisi waliingia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, wakagonga milango na kusomba watu kwa maelfu. Uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahabusu. Hata wenye vitambulisho halali walisombwa. Wenye chochote mfukoni waliachiwa njiani. Naona mnacheka, mnaujua mchezo huo.

Sisemi msako ule ndio ulioleta mauaji ya Mpeketoni, Lamu, Juni 2014, au ya Garissa. Nasema ulimtafuta gaidi kwa sura na jina. Kiongozi wa shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa KDF, jeshi la Kenya, amepanga nyumba Muchatha, Kiambu. Eastleigh wangempatia wapi?

Na waliokuwa wakishukiwa hivyo walifanya nini? Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walisimamisha basi la kwenda Mandera, wakataka Wakristo watengwe. Wanawake Waislamu waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Abiria wakagoma: tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata.

Basi mzazi wa Majengo, Mombasa, akimwona kijana wake amebadilika, amwendee nani? Mwaka 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa waliojiunga na Al-Shabaab wanaorudi kutoka Somalia, lakini mashirika ya haki za binadamu yanaendelea kuandika habari za vijana wa Pwani waliochukuliwa wasionekane tena. Mama huyo anazisikia. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kabla ya kumwambia apige simu, afisa wa kituo aweze kumjibu swali moja: kesho mwanangu nitamwona mahakama gani?