Tusiwahesabu Waliohitimu Peke Yao

Waheshimiwa majaji, maofisa wa parole, wauguzi, na ninyi ndugu wa wagonjwa waliopitia gerezani, nawasalimu.

Mwaka 1997 Jaji Ginger Lerner-Wren alianza kuongoza mahakama ya afya ya akili ya kaunti ya Broward, Florida, yaani mahakama inayompeleka mshtakiwa mwenye maradhi ya akili kwenye mpango wa matibabu chini ya uangalizi wa jaji, na tangu hapo mahakama za aina hiyo zimeenea Marekani nzima. Baadhi humfuata mgonjwa anaporudi uraiani. Jaji humwita mara kwa mara, amuulize kuhusu dawa, makazi na kliniki. Mimi naziamini mahakama hizi. Ndiyo maana naumia ninapoona zinavyopimwa.

Ripoti nyingi hutuambia ni wangapi waliohitimu, yaani waliomaliza mpango wa mahakama, wasikamatwe tena. Lakini anayehitimu ni nani? Mara nyingi ni yule aliyekuwa na pa kulala na ndugu wa kumkumbusha dawa. Aliyefukuzwa katika mwezi wake wa tatu, aliyetoroka, aliyerudishwa ndani kabla hajazoea dawa mpya, wote hao wamefutwa kwenye hesabu. Nasema kila aliyeingia ahesabiwe tangu siku aliyopokewa, kisha alinganishwe na wenye maradhi na mashtaka kama yake waliotoka kipindi hicho hicho bila kupata mpango. Na pale nafasi zinapokuwa chache kuliko waombaji, kuchagua washiriki kwa kura ya bahati kungetupa jibu la uhakika zaidi, nako hakumwonei mtu.

Kazi ya namna hii inawezekana. Mwaka 2011 Henry Steadman na wenzake walichapisha utafiti wa mahakama nne: San Francisco, Santa Clara, Minneapolis na Indianapolis. Waliwalinganisha washiriki na wagonjwa waliopita njia ya kawaida, wakakuta washiriki walikamatwa mara chache zaidi na kukaa jela siku chache zaidi. Hapakuwa na kura, lakini angalau palikuwa na wa kulinganishwa nao.

Sasa tuje kwenye siku za mwanzo, maana hapa watu wanakufa. Utafiti wa jimbo la Washington uliotoka 2007 ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo, na sababu kuu ilikuwa dawa za kulevya kupita kiasi. Mpango unaompangia mtu daktari baada ya mwezi mzima umeshachelewa. Kwa hiyo tuandike zimepita siku ngapi kati ya lango la gereza na dozi ya kwanza uraiani. Tuandike pia Medicaid yake, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilirudi lini, kwa sababu majimbo mengi huisimamisha mtu akiwa ndani.

Kukamatwa tena nako kuna mtego wake. Anayechungwa kila wiki huonekana kila anapokosea, hata kwa kukosa miadi tu. Ukichanganya kosa hilo na wizi au shambulio, mpango mzuri utaonekana mbovu. Na siku za jela ambazo jaji mwenyewe ameamuru kama adhabu ndogo zihesabiwe vilevile, kwani mgonjwa amezilala kweli, pengine bila dawa zake.

Makarani wa mahakama, ninyi ndio mnaoshika daftari. Katika ripoti ijayo naomba muanze na orodha ya walioachwa njiani, sababu ya kila mmoja ikiwa kando yake, na ya wale waliokataliwa mlangoni.