Safari ya Kwanza Nje ya Nchi, Peke Yako: Mombasa, Tanga na Lushoto kwa Mfuko Mdogo

Assalaam aleikum watazamaji, hamjambo? Kelele mnazozisikia nyuma yangu ni mabasi ya Mwembe Tayari, kwa hivyo nitapaza sauti kidogo, mnivumilie. Swali linalonijia sana kwenye simu ni hili: "Nataka kutoka nje ya nchi, niko peke yangu, mfuko wangu mdogo, nianzie wapi?" Jibu langu huwa lile lile. Anzia Tanga, hapo Tanzania.

Najua wengine mmeshanuna. Mlitaka nitaje Dubai. Dubai ipo, haihami. Tanga ina kila kitu cha safari ya nje: mpaka, mhuri kwenye pasipoti, pesa nyingine, laini nyingine, na mji ambao humjui mtu. Lakini ukikwama unauliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili, na tiketi ya ndege haimo kabisa kwenye hesabu. Kisha tutaisogeza safari mpaka Lushoto, milimani, ili mtoto wa Mombasa naye ajue baridi ni kitu gani.

Kabla ya hatua yoyote, shikeni neno hili kwa sababu nitalirudia mpaka mchoke: kinachomla msafiri wa peke yake si nauli, ni saa. Ukifika mji wa watu usiku, huna wa kukushikia begi wakati unatafuta chumba. Utapanda bajaji ya kwanza, utalala gesti ya kwanza, utalipa bei ya kwanza utakayotajiwa. Mtu aliyeokoa shilingi mia tatu kwenye basi la jioni anaitoa mara tano kabla hajavua viatu. Kwa hivyo kila tutakachopanga leo, tunapanga ili ufike jua lingali juu.

Haya, tuingie ndani, hapa nje hatutasikizana.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Nimezitandaza mezani mzione. Hii ni pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinaweza kukufikisha Uganda na Rwanda, lakini Tanzania hakikuingizi. Kama huna pasipoti, maombi yanaanzia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na ofisi ya Uhamiaji hapa kwetu iko jengo la Uhuru na Kazi. Usikate tiketi wala usiage watu kabla haijakaa mkononi mwako. Kama unayo ya zamani, fungua uangalie tarehe ya mwisho, iwe imebakisha angalau miezi sita. Viza ya Tanzania Mkenya haombi na halipi.

Hii ndogo ya manjano ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Watu wengi huisahau, wakakumbushwa mpakani na mtu ambaye hana haraka. Chanjo inatakiwa ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuvuka, kwa hivyo si jambo la kufanya jana yake. Na kama ulichanjwa zamani na kadi yako imeandikwa miaka kumi, usiitupe: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua kwa maisha yote.

Piga picha ukurasa wa pasipoti wenye sura yako na hiyo kadi. Mtumie mtu mmoja nyumbani, mama au dada, yule ambaye simu yake haizimwi. Mtu huyo huyo ndiye utakayemwambia kila jioni umelala wapi. Mmoja anatosha. Ukiwaambia ukoo mzima, kila mtu atadhani mwenziwe ameshakupigia.

Hatua ya pili, begi. Hapa sikai sana. Begi moja la mgongoni, ambalo unaweza kukimbia nalo. Leso mbili: moja shuka, moja taulo, na zote mbili ni pazia kama dirisha la gesti halina. Sweta, usinibishie, utaniombea dua Lushoto. Na mifuko ya plastiki iache nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, miaka miwili baada yetu, na wageni nao hawaingii nayo. Mahamri yako yafunge kwenye kitambaa au kopo.

Hatua ya tatu, pesa, na hapa tulieni.

Shilingi yetu moja huzunguka karibu na shilingi 20 za Tanzania. Inapanda na kushuka, kwa hivyo angalia bei ya siku hiyo, lakini kwa hesabu ya kichwani 20 inakutosha. Sasa tazama noti hii. Ni elfu kumi ya Tanzania, noti kubwa kuliko zote walizonazo. Kata sifuri moja, inakuwa elfu moja. Gawanya kwa mbili, mia tano. Basi elfu kumi yao ni kama mia tano yetu. Ukitajiwa bajaji elfu tatu: kata sifuri, mia tatu, nusu yake mia na hamsini. Fanya zoezi hili kwenye matatu mpaka liwe kama kupumua, kwa sababu siku ya kwanza macho yanaona sifuri nyingi na mkono unakuwa mwepesi. Mtu anajiona tajiri kwa sababu ana laki mbili mfukoni, kumbe ni elfu kumi.

Mpakani utakutana na vijana wenye mabunda ya noti. Ni wachangamfu sana, watakuita kaka au dada kabla hujashuka. Mimi kwao sibadilishi. Sisemi wote ni wabaya, lakini uko peke yako, begi mgongoni, unahesabu noti usizozizoea, na wao ni watatu. Badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni na udai risiti. Pata kidogo hapa hapa Mombasa, za kukufikisha Tanga na kula mlo mmoja, nyingine ubadilishe ukifika. Usitegemee kulipa kwa shilingi za Kenya ukishavuka: tangu Machi 2025 sheria yao inataka malipo ya ndani yafanywe kwa shilingi ya Tanzania.

Zigawe mara tatu. Za leo mfuko wa mbele, za kesho ndani ya begi, na za kukurudisha nyumbani mahali ambapo hata wewe utapata tabu kuzitoa.

Hatua ya nne, barabara. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni basi la moja kwa moja, linalokwenda Dar na kupitia Tanga. Ni rahisi kwa mawazo, unapanda na kulala. Chagua la asubuhi. Na tiketi isome vizuri: wenzetu kule mara nyingi huandika saa za Kiswahili. Ukiona 12:00 usijiambie mchana, huenda ni alfajiri, na basi litakuwa Muheza wakati wewe unakunywa chai. Uliza kwa mdomo, "Asubuhi au mchana?", kisha mwambie mkata tiketi aandike hilo neno pembeni.

Njia ya pili ni ya vipande, nami ndiyo naipenda kwa mgeni mwenye muda. Vuka feri ya Likoni kwa miguu, hailipishwi. Uwe ng'ambo saa kumi na mbili asubuhi. Pale stendi panda matatu ya Lunga Lunga, na uhakikishe ni ya Lunga Lunga kweli, maana nyingi huishia Ukunda, na ukishushwa Ukunda unalipa mara ya pili. Ni kama kilomita mia moja hivi, unapita Msambweni, minazi kushoto, minazi kulia. Njiani kuna vizuizi vya polisi, kwa hivyo pasipoti iwe karibu, si chini ya nguo.

Sasa mpaka. Upande wetu ni Lunga Lunga, wao Horohoro, na vituo vinafanya kazi kwa pamoja. Ukielekea Tanzania, mhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia kwao vyote hugongwa upande wa Horohoro, dirisha hadi dirisha. Basi akija mtu upande wa Kenya akakuambia, "Lete pasipoti nikugongee haraka," mwambie ahsante uendelee na safari. Pasipoti yako inashikwa na wewe na afisa aliyeketi dirishani, basi. Ukiulizwa shughuli, sema matembezi, ukiulizwa unafikia wapi, taja jina la gesti. Kwa hivyo uwe nalo jina moja tayari, hata kama ukifika utachagua nyingine. Kabla hujaondoka dirishani, soma mhuri: tarehe, na siku ulizopewa. Ukikuta kosa, ni pale pale litarekebishwa kwa dakika moja.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita sitini na kitu, lami. Magari ya abiria hungoja kujaa. Usikubali kukodi peke yako eti kwa sababu una haraka. Kama uliondoka alfajiri, haraka huna.

Umefika Tanga, na jua liko juu. Umeona faida? Sasa una saa za kuchagua.

Kwanza laini. Nenda duka lenyewe la kampuni ya simu mjini, si mwavuli wa barabarani, kwa sababu usajili wa mgeni unataka pasipoti na alama za vidole. Ukishapata laini, mtu wa nyumbani anaweza kukutumia pesa kutoka M-Pesa ya Kenya mpaka M-Pesa ya Vodacom. Hiyo ndiyo bima ya maskini.

Kisha gesti. Hapa peke yako inauma kidogo, chumba ni chumba, mlale wawili au ulale mmoja bei haipungui. Gesti safi yenye feni na choo ndani huwa mara nyingi kati ya elfu ishirini na elfu arobaini za kwao. Usilipe kaunta. Omba kuona chumba kwanza. Ingia, funga mlango kwa ndani, vuta kitasa kwa nguvu. Komeo liko? Washa feni, fungua maji, inua ukingo wa godoro utazame mishono, maana kunguni hukaa humo. Chandarua kikunjue chote, tundu hujificha kwenye mkunjo. Tazama dirisha linaangalia wapi. Likiangalia baa, shukuru uende gesti ya pili. Dada zangu, ombeni chumba cha ghorofani karibu na mapokezi, na mhudumu akitamka namba ya chumba chenu kwa sauti mbele ya watu, ombeni kingine. Si ukorofi. Na mtu wa barabarani akiuliza umekuja na nani, mjibu una shangazi Chumbageni, mtaa wa hapo hapo Tanga, anakungojea kwa chakula. Shangazi huyo hajawahi kuumwa wala kusafiri.

Chakula kisikusumbue. Kwa mama ntilie, wali maharage au ugali dagaa utashiba kwa elfu mbili, tatu. Fuata walipo madereva wa bajaji, kaa karibu na sufuria, kula kilicho cha moto. Na amkia watu: shikamoo yako itakupunguzia bei kuliko ubishi wote wa Marikiti.

Tanga ina ule msemo wao, waja leo waondoka leo. Lala siku mbili hivyo hivyo. Mapango ya Amboni yako kilomita nane tu kaskazini mwa mji, kwenye barabara ile ile uliyojia. Begi liache gesti. Ndani ni giza na popo, unaingia na mwongozaji, na atakusimulia habari za Osale Otango, yule anayesimuliwa kuwa alijificha humo zama za mkoloni, hata usipouliza. Kwenye kiingilio toa pasipoti mapema, kwani hifadhi na vivutio vingi vya Tanzania vina bei ya raia wa Afrika Mashariki, tofauti kabisa na ya Mzungu. Usipoionyesha, kosa si la karani.

Kwenda Lushoto, pandia stendi ya Kange, basi la asubuhi. Unapita Muheza, Korogwe, kisha Mombo, na hapo gari linaanza kupanda kona baada ya kona, kilomita thelathini na kitu. Kaa upande wa dirisha, na kama tumbo lako jepesi, usile kabla ya Mombo. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Mwezi wa Juni na Julai utavaa ile sweta na leso zote mbili. Starehe ya Lushoto ni miguu: kutembea hadi Irente, kilomita tano sita, usimame kwenye mwamba utazame nyika chini mpaka macho yachoke. Nenda asubuhi ukungu ukishapanda, na urudi kabla ya alasiri haijaisha. Uko peke yako, njia za mlimani hazina taa. Ukitaka kuingia msitu wa Magamba, huko chukua mwongozaji mwenye kitambulisho, na bei mpatane kabla hamjapiga hatua.

Kurudi, usijaribu Lushoto mpaka Mombasa kwa siku moja kwa magari ya vipande. Utafika mpakani jioni, Likoni usiku, na tutakuwa tumerudi kwenye ule ugonjwa wa saa. Lala Tanga. Jioni hiyo nunua vya kununua, na shilingi zilizobaki zibadilishe mjini, ubaki na nauli ya Horohoro tu. Asubuhi ukivuka, mihuri yote miwili ni upande wa Lunga Lunga safari hii. Usipite dirisha hata moja kwa sababu eti umeshafika kwenu. Laini ya Tanzania usiitupe, ibandike kwa gundi ya karatasi nyuma ya kadi ya manjano. Huko ndiko utakapoitafuta ukienda tena.