Kitanda Hulia Agosti: Samani Mpya na Picha za Kutengeneza Mwenyewe

ASHA: Mbukwenyi! Karibuni tena kipindini. Leo tuko chumbani, kile chumba cha wenye nyumba, "masta" kama mafundi wanavyokiita. Samani mpya, na picha ya ukutani unayoitengeneza kwa mikono yako. Kaka Yona yuko upande wa mbao, mimi upande wa vitambaa na rangi.

YONA: Na hatuanzi na rangi, dada Asha. Tunaanza na hewa.

ASHA: Hewa tena?

YONA: Hewa ya Dodoma. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, basi. Kuanzia Mei ni ukavu na upepo. Sasa mbao inanyonya unyevu wa hewa na kuuachia: hewa ikiwa na maji inavimba, hewa ikikauka inasinyaa. Na inasinyaa kwa upana, urefu wake hauguswi sana. Ndiyo maana kitanda kilichoundwa Dar es Salaam, kwenye unyevu wa bahari, kikifika hapa Mei, Agosti kinaanza kulia kila mtu akijigeuza. Fundi hakukosea vipimo. Ndimi za mbao zimekonda ndani ya matundu yake.

ASHA: Kwa hiyo anayeagiza hapa hapa amepona.

YONA: Hapa hapa kuna ugonjwa wake, mbao mbichi. Paini inapakiwa Mafinga leo, wiki ijayo ni kabati. Ukitaka uhakika, kata kipande katikati ya ubao, sio kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Tuseme gramu 230. Kiweke kwenye oveni, nyuzi 100 na ushee, ukipime tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Kikiishia 200, maji yalikuwa gramu 30. 30 kwa 200 ni asilimia 15. Samani ya ndani tunaitaka kati ya 8 na 12. Hiyo ya 15 irudi kivulini, na vijiti vya inchi moja kati ya ubao na ubao ili hewa ipite pande zote mbili. Ukiilaza bila vijiti itakauka upande mmoja na kujikunja kama chapati.

ASHA: Na asiye na oveni?

YONA: Anyanyue mbao mbili za aina moja na kipimo kimoja. Inayolemea ndiyo yenye maji.

ASHA: Tuchague mbao basi. Mninga, mkongo, mtiki, paini.

YONA: Mninga kwa mwenye nafasi. Sababu kubwa sio ule wekundu wake. Ni kwamba hauchezi sana ukikauka, na kiini chake mchwa hawakipendi. Nasisitiza kiini. Ile mbao nyeupe ya pembeni, iliyo karibu na gamba, vidudu wanaila kama biskuti. Na mafundi wengine huipaka rangi ya mninga ifanane na nyingine. Kwa hiyo kikague kitanda kabla hakijapakwa chochote. Ukiona ukanda mweupe kwenye mfumbati, ule ubao wa ubavuni, au kwenye tendegu, yaani mguu wa kitanda, kataa. Kitanda kikiwa tayari ndani ya nyumba, dalili ni unga laini chini yake na vitobo vidogo kama vya sindano.

ASHA: Paini je? Wengi ndiyo tunayoimudu.

YONA: Paini haina ubaya ikikaushwa na ikipakwa dawa ya mchwa. Dawa ipite chini ya matendegu na kwenye chaga pia, zile mbao zinazobeba godoro, sehemu ambazo hazionekani. Watu hupaka vanishi mbele, nyuma wanaacha wazi. Hapo umemkaribisha mchwa kwa mlango wa uani, na tena ubao uliopakwa upande mmoja hupinda.

ASHA: Vipimo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

YONA: Kosa la kwanza ni godoro. Godoro letu la futi 6 kwa 6 ni sentimita 183 kwa 183. Vitanda na magodoro ya kutoka nje mara nyingi ni 180 kwa 200, au 200 kwa 200. Ukinunua fremu ya huku na godoro la huko, ama linaning'inia miguuni ama linabaki pengo la kuingia mkono. Nunua godoro kwanza, lipime kwa futi kamba, ndipo fundi aanze kukata.

ASHA: Halafu chumba chenyewe.

YONA: Tuchukue chumba cha futi 12 kwa 12, yaani sentimita 366. Fremu ya 6 kwa 6 kwa nje inafika kama 195. Kushoto na kulia unabaki na kama 85 kila upande. Meza ndogo ya sentimita 45 inakaa na mtu anapita. Mbele ya kitanda: toa 200 ya kitanda, toa 60 ya kina cha kabati, unabaki na mita moja na kidogo. Mlango wa kabati wa sentimita 45 unafunguka vizuri. Sasa chumba kikiwa futi 10, yaani 305, hesabu hiyo hiyo inakuachia sentimita 45 tu. Hapo watu husema, "basi tuchukue kitanda cha 5 kwa 6."

ASHA: Kumbe urefu ni ule ule!

YONA: Ule ule, futi 6. Umepunguza upana, tatizo lipo kwenye urefu. Dawa yake ni kuhamishia kabati ukuta wa ubavuni, na hapo ndipo 5 kwa 6 inakusaidia, au kabati liwe la milango ya kuteleza na ukubali kupita kiubavu.

ASHA: Chaga?

YONA: Ubao wa inchi 1 kwa 4 ukishapigwa randa unabaki na upana wa kama sentimita 9. Kwa urefu wa 183 weka chaga 12. Nafasi kati yake inakuwa karibu sentimita 7. Wanaobana matumizi huweka 8, godoro la sponji linazama katikati ya chaga na ndani ya mwaka lina mabonde. Kitanda cha futi 6 upana lazima kiwe na mhimili wa katikati wenye mguu unaogusa sakafu. Bila mguu huo, chaga hupindia chini na fremu huvutwa ndani.

ASHA: Na ule mlio wa Agosti tunautibu vipi?

YONA: Mifumbati ishikwe na boliti za milimita 8, isigundishwe. Boliti mbili kila kona, na waya za chuma... namaanisha washa, zile sahani ndogo chini ya nati, ziwe pana. Mbao ikikonda, unakaza kwa spana namba 13, mlio umekwisha. Gundi ikishaachia huna cha kukaza. Na kitanda chenye boliti kinapita mlangoni vipande vipande, hakuna kung'oa fremu ya mlango.

Kichwa cha kitanda nacho: kama kina paneli pana katikati, ikae huru ndani ya mfereji wa fremu, isipigwe gundi wala misumari. Ikifungwa, ukavu ukija haina pa kusinyalia, inapasuka kati. Droo zilizoundwa Septemba ziachiwe milimita 3 juu, la sivyo Januari hazifunguki.

ASHA: Msasa na vanishi kwa ufupi, nina hamu ya kufika kwenye picha.

YONA: Msasa namba 80, 120, kisha 220, kufuata nyuzi za mbao. Sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, mara moja, msasa mwepesi, vanishi mikono miwili. Paka asubuhi kabla upepo haujaamka, umwagie sakafu maji kidogo vumbi litulie. Jua la saa nane linakausha juu kabla ya ndani, unapata malengelenge.

ASHA: Sawa. Picha. Ukuta wa juu ya kichwa cha kitanda unataka kitu kimoja kikubwa, sio picha sita ndogo zilizotawanyika. Kanuni ya vipimo: upana wa picha uwe kama theluthi mbili za kitanda. Kitanda cha 195, picha ya 120 hadi 130. Tufanye 120 kwa 80.

Fremu ni paini ya inchi 2 kwa 1, vipande viwili vya sentimita 120 na viwili vya 80 kwa vipimo vya nje, kona zikatwe nyuzi 45, na ubao mmoja wa kukatisha katikati. Kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona. Pande zote mbili zisome sentimita 144. Zikitofautiana, fremu imekaa upande, isukume kwenye kona iliyo ndefu.

YONA: Na hiyo paini iwe kavu. Nimemaliza.

ASHA: Kitambaa ni marekani, ile pamba nene isiyopaushwa. Ifue kwanza kwa maji ya moto. Ina wanga wa kiwandani unaokataa rangi, na itaruka ikilowa. Kata 135 kwa 95. Pigilia katikati ya kila upande kwanza, halafu nenda kwenye kona polepole, ukivuta pande zinazotazamana. Ikazwe, ila isilie kama ngoma ya muheme. Rangi ya maji ikigusa pamba itaivuta zaidi, na ikiwa imekazwa mno itaipinda fremu yako.

Kisha gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa sehemu moja ya maji, mkono mmoja. Ikikauka, rangi nyeupe ya ukuta mikono miwili.

YONA: Sasa rangi yenyewe wanachimba.

ASHA: Wanachimba, ndiyo! Udongo wetu mwekundu una oksaidi ya chuma, na rangi ya namna hiyo haipaushwi na jua. Michoro ya miambani ya Kondoa, kule Kolo, ambayo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ile myekundu ni rangi za madini ya chuma. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na bado ipo. Chukua mtindo: watu warefu wembamba, twiga, mistari. Udongo chota shambani kwako. Kule michoroni hatuchukui hata kokoto, na michoro haiguswi.

Koroga udongo kwenye ndoo ya maji, subiri dakika moja mchanga uzame, mimina yale maji mekundu kwenye ndoo nyingine kupitia kitambaa. Yaache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya juu, tope laini la chini likaushe, ulisage. Kijiko kimoja cha unga, kimoja cha gundi nyeupe, nusu cha maji. Paka pembeni ujaribu. Ikikauka na kuacha unga kwenye kidole, ongeza gundi. Ikipasuka, umepaka nene. Paka nyembamba mara mbili. Asiye na udongo mzuri atumie oksaidi nyekundu, ile ya kuchanganya na saruji ya sakafu. Nyeusi ni mkaa uliosagwa na kuchujwa, nyeupe ni rangi ya ukuta ile ile.

YONA: Na khanga? Wapo wasiotaka kuchora.

ASHA: Khanga ni nzuri sana, lakini inaonewa. Ina upana wa kama 150 kwa 110, na watu huikunjia nyuma ya fremu mpaka pindo linapotea, wakati mwingine na jina linakatwa. Khanga bila jina imekuwa kitambaa tu. Shonea kingo zake ukanda wa marekani wa sentimita 8 kila upande; kinachokunjwa nyuma ni huo ukanda. Na usiinyooshe kwa kufuata nyuzi, chapa mara nyingi imekaa mshazari. Fuata mstari wa pindo. Tena isitazame dirisha la magharibi, hiyo inapauka.

YONA: Kutundika ni kwangu. Msumari wa zege unabomoa plasta, unaacha shimo la kikombe. Toboa kwa drili ya milimita 6, ingiza plagi, skrubu ya inchi moja na nusu. Mbili, sio moja, zilingane kwa pima maji. Ukingo wa chini wa picha uwe sentimita 20 juu ya kichwa cha kitanda.

ASHA: Na kioo?

YONA: Juu ya kichwa cha mtu aliyelala, hapana. Dodoma hutikisika mara moja moja, tuko kwenye bonde la ufa. Fremu ya kitambaa ikianguka inakuamsha tu.

ASHA: Halafu kuna kitu kila mtu husahau mpaka siku ya mwisho. Chandarua.

YONA: Eee! Kile cha duara kinachoning'inia darini.

ASHA: Kinashuka mbele ya picha yako, kazi ya wiki tatu inatazamwa kupitia wavu. Tumia cha mstatili chenye fremu ya nguzo nne, na nguzo za kichwani zisimame ndani ya kichwa cha kitanda, sio nyuma yake. Picha isitokeze zaidi ya sentimita 4 ukutani, vinginevyo kona zinachana wavu.

YONA: Nguzo ziwe na urefu gani?

ASHA: Pima kimo cha dari kwanza, usisahau na feni. Feni ikiwa chini, wavu unaliwa usiku wa kwanza.