Wavu wa mukene ndani ya mshipa

ZAINABU: Karibuni tena. Leo tunarekodi Busia, upande wa Uganda, malori yanapiga honi hapo nje, mtatuvumilia. Kaka Opio, ile habari ya shangazi yako, nilikuomba tuilete hapa.

OPIO: Shangazi ana kisukari mwaka wa 9 sasa. Siku hiyo saa 1 jioni anakunywa chai, kikombe kikamtoka mkono wa kulia. Akainama akiokote, vidole havifungi. Akataka kusema kitu, ulimi mzito. Tukasema huyu amechoka, ni upepo tu, alale. Hospitali tulimfikisha asubuhi.

ZAINABU: Saa 12 nzima.

OPIO: Nzima, dada. Na mkono ule haujarudi.

ZAINABU: Pole sana, kaka.

OPIO: Asante. Daktari alisema ni kiharusi, damu iliganda kwenye mshipa wa ubongo, na kisukari kinachangia. Tangu siku hiyo nauliza, kwa nini wenye kisukari? Nilijua sukari inaharibu macho, figo, miguu. Hii ya damu kuganda sikuwahi kuisikia.

ZAINABU: Anza na ini. Ini hutengeneza protini inayoitwa fibrinojeni, inaelea kwenye damu imetulia. Ukijikata ukimenya matoke, protini nyingine, thrombini, inaigeuza kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi zinasukana kama wavu, zinanasa chembe za damu, kidonda kinaziba. Tunaihitaji sana hiyo.

OPIO: Na kwa mwenye sukari?

ZAINABU: Mara nyingi fibrinojeni yake huwa juu. Halafu sukari inajishikiza kwenye protini yenyewe, kama inavyojishikiza kwenye himoglobini, ile protini nyekundu ya damu. Kile kipimo cha miezi 3 anachopimwa shangazi, kinatazama hicho hicho. Sasa wewe umekulia Majanji, kando ya Ziwa Victoria, niambie: wavu wa sangara na wavu wa mukene, wale dagaa, vina tofauti gani?

OPIO: Wa sangara unapitisha hata ngumi. Wa mukene, kidole hakipiti.

ZAINABU: Basi damu yenye sukari nyingi kwa muda mrefu inasuka wavu wa mukene. Nyuzi zimebanana. Mwili una protini yake ya kukata nyuzi hizo, plasmini, lakini hapo inapata shida kupenya. Na ipo nyingine, madaktari wanaiita PAI-1, inayozuia plasmini isiamshwe. Kwenye kisukari cha aina ya 2, hasa kwa mwenye mafuta mengi tumboni, hiyo nayo hupanda.

OPIO: Kumbe bonge linaganda kwa urahisi, na kuyeyuka linagoma.

ZAINABU: Hapo hapo. Likiziba mshipa wa ubongo, ndiyo kiharusi. Hatari kwa mwenye kisukari inakaribia mara 2 ya asiye nacho. Ila tusizibebeshe protini mzigo wote. Presha ndiyo kubwa lao. Watu wanameza dawa ya sukari kila siku na presha hawajapima tangu mwaka jana! Hilo linaniuma.

OPIO: Dawa ya kuyeyusha bonge haipo?

ZAINABU: Ipo, na inafanya kazi kwa kuiamsha plasmini ile ile. Lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT ya kichwa. Kuna kiharusi cha mshipa kupasuka. Huyo ukimpa dawa hiyo, unamwongezea damu kichwani. Hata aspirini, usimpe mtu nyumbani kabla hajapigwa picha.

OPIO: Sisi tulimpa. Jirani alisema inasaidia.

ZAINABU: Hamkujua, kaka. Nani aliwahi kuwaambia? Ndiyo maana tunaongea leo. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki: hata ukiona moja tu, tazama saa, kariri, mwite mwenye gari. Daktari atakuuliza kwanza ilianza saa ngapi.

OPIO: Alituuliza kweli. Tukatazamana.

ZAINABU: Na sasa anaendeleaje?

OPIO: Kila Jumanne nampeleka kliniki, sukari na presha vyote vinapimwa, naandika kwenye daftari. Chai anakunywa bila sukari. Kikombe anakishika kwa kushoto, na wa kulia anauegemeza pembeni yake, anaufundisha.