Makubadhi Yaliyobaki Gatini

Bwana Mwenyekiti, nimepewa dakika kumi na tano, na wanaonijua wanacheka kwa sababu wanajua nitakachosema. Nitakisema tena: wanaotoka kuokoa watu baharini waandikwe majina, waliokufa ukutani na walio hai daftarini. Mkichoka kunisikia, lifanyeni jambo lenyewe ninyamaze.

Kila 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, tunakuja hapa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, tunawasimamia mashujaa kimya dakika moja. Dakika moja! Hata buli la chai halichemki.

Kakangu alikuwa nahodha. Hakuwa askari wala zimamoto, na sare hakuvaa hata siku moja. Mwezi wa Julai, kusi imechachamaa, zikaja habari kuwa mashua imepinduka nje ya Shela. Alikuwa anakula. Aliivuta kamba ya injini na mchuzi bado uko vidoleni. Makubadhi aliyavua gatini, kofia akaisokomeza ndani ya kubadhi moja ili upepo usiichukue. Safari ya kwanza alileta watu wanne. Nikamwambia, "Basi kaka, yatosha." Akasema kuna mtoto kabaki. Safari ya pili mtoto alirudi, kakumbatiwa na baharia. Nahodha hakurudi.

Makubadhi niliyachukua mimi. Kofia ilikuwa kavu.

Sasa nisikilizeni. Tulipokwenda kuulizia mafao, kijana aliyekuwa mezani, mpole kabisa wala simlaumu, aliniuliza, "Mwajiri wake nani?" Sheria ya 2007 ya fidia kwa walioumia kazini inamjua mwajiriwa. Aliyeitwa na ukelele wa watu wanaozama haimjui. Nilikaa na ile fomu nusu saa, kalamu mkononi. Niandike mwajiri nani, bahari?

Najua yupo mzee hapo nyuma atakayesema aliyekufa maji ni shahidi, Mungu anamjua, majina ukutani ya nini. Naam, mzee wangu, Mungu anamjua. Karani ndiye asiyemjua. Na mjane haendi dukani kukopa unga kwa cheo cha marehemu huko akhera.

Wenzetu wa New York walipoteza wazimamoto 343 siku ile ya 11 Septemba 2001. Majina yao yamechongwa kwenye shaba, kila mtu na kikosi chake. Msiniambie ni utajiri wa Marekani. Kuandika jina ni kazi ya kalamu. Wao kila kikosi kina orodha ya walio zamu. Sisi, nani hapa anaweza kunisomea majina ya manahodha na wapiga mbizi wanaotoka usiku tukipiga kelele? Mpaka mtu afe ndipo tuanze kuulizana alikuwa nani!

Nilitaka kuwasemea pia askari waliouawa na mabomu ya kutegwa barabarani huko bara, na vijana wanaopanda juu ya makuti na ndoo kwa kuwa gari la zimamoto halipiti vichochoroni mwetu... Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, ya makuti tuyaache. Askari angalau ana namba ya kazi.

Daftari nimelinunua mwenyewe, hili hapa. Jina lako, chombo chako, na wa kupigiwa simu. Manahodha nawaona mmejibanza ukutani mnajifanya hamnisikii. Njooni mmoja mmoja, adhana ya alasiri haijaadhiniwa bado.