Amri Iliyochelewa: Maofisa Vijana Katika Manowari za Angani

(Mhadhara kwa waandishi chipukizi na wanafunzi, Mbeya)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nimeambiwa wapo waliotoka Tukuyu na Kyela alfajiri ili wawahi hapa, na ukungu wa njia ile naujua. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie hadithi za kubuni za kisayansi zenye vita ndani yake, hasa zile za maofisa vijana katika jeshi la wanamaji wa angani. Mnazijua. Kijana ametoka chuo cha kijeshi, nyota moja begani, anapangiwa manowari iliyo mbali na dunia, anakutana na nahodha mkali, na hajamaliza kujifunza majina ya wenzake, vita vinaanza. Wengi wenu mmezisoma kwenye simu, kwa Kiingereza, na baadhi mmeanza kuziandika kwa Kiswahili. Nimekuja kwa ajili ya hao hasa.

Rai yangu ni hii. Roho ya hadithi hizi ni amri inayochelewa kufika. Kijana anaachiwa uamuzi ambao kwa haki ungekuwa wa mkubwa wake, kwa kuwa mkubwa yuko mbali mno kuulizwa. Makombora na mwendo wa vyombo hufuata baadaye. Na mtu wa nyanda hizi hana haja ya kuazima jambo hilo kwingine. Limetokea huku kwetu, mwanzoni na mwishoni mwa vita moja, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Tuanze Ziwa Nyasa, mwaka 1914. Waingereza walikuwa na meli yenye mzinga, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades. Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann, chini ya nahodha Berndt. Ziwa ni moja, kazi zao zinafanana, na wawili hawa walikuwa marafiki. Wakikutana walikunywa pamoja. Uingereza ikaingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti. Habari ikamfikia Rhoades. Berndt haikumfikia. Meli yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikatokea, ikaanza kufyatua mzinga. Berndt akaruka ndani ya mashua ndogo, akapiga makasia kuelekea kwa rafiki yake, amefura kwa hasira, na inasimuliwa kwamba alimuuliza kama amelewa. Akajibiwa kuwa kuna vita, na kwamba kuanzia hapo yeye ni mateka.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Mimi naliona zito sana. Mtazameni Berndt akipiga makasia. Ni mtu mzima, anaijua kazi yake, hajafanya uzembe wowote. Ila anaishi katika siku ambazo amani ingalipo, na risasi zinazomjia zimetoka katika siku nyingine. Kisha mtazameni Rhoades juu ya sitaha, anamwona rafiki yake anakuja peke yake, mikononi ana kasia tu. Anajua jambo ambalo mwenzake halijui. Angemtumia mjumbe kwanza? Na kama angemwonya, halafu meli ile ikateremshwa majini usiku na kuwaua mabaharia wake? Mwandishi akiweza kukaa katika dakika hizo bila kukimbilia mlipuko unaofuata, ameshaipata hadithi.

Sasa ipandisheni angani. Nuru ndiyo mjumbe mwenye mbio kuliko wote, na mawimbi ya redio huenda kwa mwendo huohuo. Kutoka hapa hadi mwezini ujumbe huchukua sekunde moja na kidogo. Hadi Mirihi ni dakika tatu zikiwa jirani, na hufika dakika 22 sayari hizo zikiwa pande mbili za jua. Mshtarii ni zaidi ya nusu saa. Zohali ni zaidi ya saa moja, kwenda tu. Kwa hiyo luteni usu aliye kwenye obiti ya Zohali, yaani njia ya kuizunguka sayari hiyo, akiuliza, «Chombo kile kimewasha injini, nifanye nini?», mpaka jibu limfikie zimepita saa mbili na zaidi. Chombo kile hakitamngoja. Na nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua letu iko umbali wa miaka minne ya nuru. Huko mtu anauliza swali akiwa luteni, anajibiwa akiwa meja.

Waandishi wengi wakifika hapa hubuni mtambo wa kupeleka ujumbe papo kwa papo, ili jenerali aliye duniani aonekane kwenye kioo akitoa amri. Nawasihi msiuguse mtambo huo. Ukimleta jenerali chumbani, umemnyang'anya kijana hadithi yake.

Hadithi hizi zimerithi mengi kutoka kwa zile za manowari za matanga, na ndiyo maana maofisa wake ni wadogo hivyo. Horatio Nelson aliingia jeshi la majini la Uingereza mwaka 1771 akiwa na miaka 12, na alipofika 20 alikuwa amepewa cheo cha nahodha kamili. Hapakuwa na simu. Ofisa aliyepelekwa mbali alibeba barua ya maagizo iliyoandikwa na watu wasiojua atakayoyakuta, na wakubwa wake walimhukumu kwa matokeo miezi mingi baadaye.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wa Nelson ni wa mtu aliyekataa kupiga. Tarehe 27 Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Kuba, nyambizi ya Kisovyeti B-59 ilikuwa imezingirwa na manowari za Marekani. Ndani joto kali, hewa nzito, mawasiliano na Moscow hakuna, na juu yao vinaangushwa vilipuzi vidogo vya kuwalazimisha waibuke. Nahodha Valentin Savitsky alidhani vita huenda vimekwisha kuanza. Walikuwa na torpido moja ya nyuklia. Ofisa mwenzake, Vasily Arkhipov, mwenye umri wa miaka 36, hakukubali itumike, na nyambizi ikaibuka. Linganisheni na Liuli: kule mtu hakujua kuwa vita vimeanza, huku mtu alidhani vimeanza, kumbe bado. Yote mawili ni kazi ya ukimya wa redio.

Nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, umri na cheo. Waliopita JKT kwa mujibu wa sheria, Mafinga au Itende pale, wanajua ninachosema. Anakuja luteni usu, kijana wa miaka 24. Mbele yake amesimama Afisa Mteule ambaye ametumikia jeshi tangu kabla luteni huyo hajazaliwa. Anampigia saluti. Nyumbani kijana huyu angemwamkia shikamoo na kumpisha kiti. Kazini mzee anangoja amri yake. Katika hadithi za Kimarekani mvutano huu upo, ila hupita haraka, mzee anakuwa mkali mwenye moyo mwema, basi. Kwetu una kina kirefu. Kijana akitoa amri iliyokosewa, mzee anasemaje bila kumvunjia cheo? Kijana anaombaje ushauri bila kuonekana ameshindwa? Mtu anaweza kuandika sura nzima juu ya namna wawili hao wanavyosalimiana kwenye korido ya chombo wakiwa peke yao, na namna wanavyosalimiana mbele ya mabaharia.

Na hapa nawageukia Wanyakyusa, maana hazina hii ni yenu. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walipokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930 waliandika juu ya vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walitoka katika nyumba za wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni. Walikula kwa mama zao, tena kwa makundi, wakalima mashamba ya baba zao, lakini kulala na kuishi ni kule, rika moja pamoja. Walikua, wakaoa, kijiji kikawa kijiji kweli, chenye kiongozi wa rika lao. Halafu, mara moja katika kizazi, ukafika wakati wa ubusoka, wazee wakawakabidhi vijana nchi, na wana wa malafyale, yaani chifu, wakasimikwa.

Nilipousoma utaratibu huo niliwaza moja kwa moja chombo cha angani chenye wanafunzi wa uofisa. Watu wa rika moja, wametengwa na wazazi kwa makusudi, wanajifunza kutawalana kabla ya kutawala. Wana aibu yao wenyewe, inayouma kuliko adhabu ya mkubwa: aibu mbele ya rika. Na siku moja wanakabidhiwa. Mtunzi atakayejenga jeshi lake la angani juu ya msingi huu atakuwa na kitu ambacho wasomaji wa Kiingereza hawajawahi kukiona. Msikiachie chuo nafasi yote. Vyuo vya kijeshi vya hadithi hizi vinafanana mno, gwaride lilelile, mnyanyasaji yuleyule wa bwenini.

Kuhusu sayansi nitagusia kitu kimoja tu. Chombo kilicho kwenye obiti ya karibu na dunia huenda kama kilometa 28,000 kwa saa, na hakiongozwi kama ndege. Juni 1965, James McDivitt, rubani wa chombo cha angani cha Marekani, Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichowapeleka juu. Akaelekeza pua ya chombo, akasukuma mbele. Kipande kikazidi kuwaponyoka. Akasukuma tena, mafuta yakaenda, mwisho jaribio likaachwa. Ukisukuma mbele ukiwa kwenye obiti, unapanda juu, njia inarefuka na unachelewa. Anayetaka kumkamata aliye mbele sharti apunguze mwendo kwanza, ashuke, apate njia fupi na mbio zaidi, kisha apande. Desemba mwaka huohuo Gemini 6 iliifikia Gemini 7 hadi umbali usiofika mita moja, kwa kuwa hesabu ilifanywa kwanza. Kwa mwandishi maana yake ni kwamba uamuzi angani hufanywa saa nyingi kabla ya matokeo kuonekana. Luteni akikosea saa tatu, anaweza kuliona kosa lake saa tisa, na katikati hapo anakula, anashika zamu, anajibu salamu za watu, huku akijua. Nataka kuisoma hiyo zamu.

Najua ndugu zangu wa Iringa mnasubiri Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 safu ya ofisa wa Kijerumani, Zelewski, ilitembea ndani ya nchi ya Wahehe bila kujua, na watu wa Mkwawa walikuwa wamejificha kando ya njia, wanajua. Hiyo pia ni habari ya aliyefikiwa na taarifa na asiyefikiwa. Imeandikwa sana, nami siiongezi.

Ninaloona halijaandikwa vya kutosha ni mwisho wa vita ile ya 1914. Mwaka 1918 kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilirudi kutoka Msumbiji, kikapanda kupitia Ubena, kikaenda kushambulia Fife, ng'ambo tu ya hapa Tunduma, mwanzoni mwa Novemba. Kikasonga mpaka Kasama. Walipoingia Kasama, mapigano ya Ulaya yalikuwa yamekwisha tangu tarehe 11. Hawakuwa na habari. Silaha walizisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba.

Katika safu hiyo walikuwemo maofisa, walikuwemo askari, na walikuwemo wapagazi. Katika vita vile wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko wapiganaji waliokufa kwa risasi. Wengi walitoka katika vijiji hivi vyetu, na hawakuomba kwenda. Mtu aliyeanguka chini ya mzigo tarehe 12 Novemba, njiani kwenda Kasama, alikufa katika vita ambavyo vilikuwa vimekwisha. Nikikaa na jambo hilo napata hasira ambayo miaka zaidi ya mia moja haijaipoza.

Kwa hiyo ninapopewa mswada wa manowari ya angani, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mpagazi wake. Nani anafanya kazi kwenye mitambo ya kupoza joto? Nani anapika? Hao luteni anawajua majina? Kuna hadithi ndefu, kurasa mia nne, zenye mabaharia elfu moja ndani ya chombo, na ukizimaliza umewajua maofisa sita. Hilo tusiliige. Amri ikichelewa, ofisa anabeba uamuzi, ni kweli, lakini wengine wanaubeba kwa miili yao, na hawakuwepo chumbani ulipofanywa.

Nawaachia kazi. Chombo kiko kwenye obiti ya Zohali. Nahodha ameugua na hawezi kuamka. Aliyeshika zamu ni binti wa miaka 23, luteni usu kutoka Rungwe, na Afisa Mteule wake ni mzee wa Ismani ambaye amebakiza miezi michache astaafu. Inaingia amri kutoka duniani: shambulieni. Imetumwa saa moja na dakika ishirini zilizopita. Dakika tano kabla amri hiyo haijaingia, chombo cha adui kimetuma ishara ya kuomba mazungumzo, na walioandika amri hawakuiona. Mzee anamtazama binti. Andikeni kuanzia hapo, kurasa kumi, na mhakikishe tunamjua angalau mtu mmoja anayefanya kazi kule chini kwenye mitambo. Mkikutana tena hapa mzisomeane kwa sauti.

Sasa maswali. Kijana wa safu ya nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja Gemini. Apewe kipaza sauti, halafu mama aliyekaa pale dirishani.