Chungu na Kifuniko: Hewa ya Salt Lake City kwa Majira

Asanteni. Mliosimama nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Nimeulizwa pale mlangoni: jiji lililo mbali na bahari, lenye milima ya theluji pande mbili, linachafukaje hewa? Milima hiyo ni nusu ya jawabu. Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani, limekaa bondeni kwenye mwinuko wa karibu mita 1,300. Mashariki kuna safu ya Wasatch, kusini-magharibi Oquirrh, na kaskazini-magharibi lile ziwa kubwa la chumvi. Mvua na theluji kwa mwaka mzima ni kama milimita 400 tu. Basi fikirieni chungu kilichowekwa kwenye nchi ya nusu jangwa.

Kwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda, nyuzi 6 hivi kila kilomita. Hewa ya chini ikipata joto hupanda, na moshi wetu huondoka nayo. Majira ya baridi mambo hupinduka. Usiku mrefu usio na mawingu, ardhi yenye theluji hupoteza joto lake. Hewa baridi, nzito, huteremka kutoka milimani na kutuama bondeni kama maji, na juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi. Wataalamu huuita mgeuko wa halijoto. Mimi naita kifuniko. Mchana theluji hurudisha mwanga wa jua angani, kwa hiyo jua nalo linashindwa kukifunua. Hukaa siku kadhaa, mara nyingine zaidi ya wiki, mpaka dhoruba ipite. Aliyekwenda mlimani kuteleza kwenye theluji huota jua huku akitazama bahari ya kijivu chini, na gari lililompandisha limo katika hesabu ya ukijivu huo.

Na hapa wengi hukosea. Sehemu kubwa ya vumbi jembamba linaloleta ukijivu ule, chembe zisizozidi maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), haitoki kwenye bomba la gari ikiwa vumbi. Hutoka gesi: oksidi za nitrojeni. Zikikutana na amonia, ambayo kwa wingi hutoka kwenye samadi na mbolea, huzaliwa chembe za nitrati ya amonia humo humo hewani. Baridi huzisaidia kubaki chembe. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani ni maikrogramu 35 kwa mita ya ujazo, wastani wa siku nzima, na kifuniko kikikaa vizuri hupitwa.

Mnauliza, hilo linamdhuru nani? Mwaka 1986, katika bonde jirani, liitwalo Utah kama jimbo lenyewe, kiwanda cha chuma cha Geneva kilifungwa kwa mgogoro wa kazi, kikafunguliwa tena 1987. Hakuna mtafiti ambaye angeruhusiwa kuzima kiwanda apime vifua vya watoto. Mgogoro ulimfanyia kazi hiyo bure. C. Arden Pope, ambaye ni mchumi, si daktari, alifungua rekodi za hospitali, na mwaka 1989 akachapisha alichokiona: majira ya baridi kiwanda kikiwaka, watoto waliolazwa kwa maradhi ya kifua walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa baridi ile kilipozimwa. Milima haikusogea. Kilichobadilika ni kilichokuwa kinapikwa ndani ya chungu.

Kiangazi kifuniko kinaondoka, lakini msishangilie bado. Joto hupita nyuzi 35, na oksidi zile zile za nitrojeni, zikichanganyika na mivuke ya petroli na rangi chini ya jua kali, hutengeneza ozoni. Bomba moja, sumu mbili. Ozoni ni gesi, kwa hiyo barakoa ya kuzuia vumbi haikusaidii; hupanda alasiri, basi anayekimbia akimbie alfajiri. Juu ya hayo huja moshi wa misitu inayoungua California, ambao hausubiri kualikwa.

Limebaki ziwa. Halina mto wa kutoka, maji huondoka kwa mvuke tu, na mito inayolilisha huchotwa kabla ya kufika, zaidi kwa mashamba ya majani ya mifugo. Novemba 2022 lilishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze mwaka 1847. Sakafu iliyoachwa wazi ina aseniki, ambayo ni sumu, na upepo wa majira ya kuchipua hupeperusha vumbi lake kuelekea mjini. Vumbi hilo likitua juu ya theluji ya Wasatch huitia weusi, ikanywa jua, ikayeyuka mapema. Theluji hiyo ndiyo maji ya jiji, na ndiyo maji ya ziwa pia.

Naam, mama mwenye kitambaa cha kijani, naona umeinua mkono muda mrefu. Karibu.